Mmiliki wa Nne wa Calandra

Wiki iliyopita niliwadanganya.

Niliandika hapa hapa kwamba bosi wangu alinilazimisha kuweka jina langu kwenye kadi ya gari lake. Niliandika kwamba alinibana kwenye kona ya karakana na kwamba nililia. Wengine mkanionea huruma mpaka mkaniandikia barua. Nawashukuru kwa barua. Sikulia, na hakuna aliyenibana.

Kwa aliyekosa toleo lile: mimi ni Delma Incerti wa Modena, mshonaji wa viti vya magari, na sijui kuendesha gari. Mume wangu ni Learco Vezzani, fundi wa bodi, mkomunisti tangu alipokuwa na nywele. Wote wawili tulimfanyia kazi mzee Anselmo Rebucci. Mji mzima ulimwita Cavaliere kwa sababu serikali iliwahi kumvisha nishani, na ukimwita kwa jina lake tu alijifanya kiziwi.

Mwaka 1962 Cavaliere alitengeneza magari ya mbio aliyoyaita Calandra, jina la kindege cha mashambani kwetu. Yalitoka saba tu, kisha fedha zikamwishia. Moja, namba tano, lilirudi mikononi mwake baada ya miaka, akalipenda kuliko mkewe. Muulizeni mkewe, atawaambia hivyo hivyo.

Lakini nyakati zile watu wa kodi walikuwa wameanza kuangalia nani ana gari gani. Kwa hiyo matajiri wa kwetu walikuwa na mtindo wao: gari la kifahari unaliandikisha kwa jina la bibi kizee wa familia, au mpishi, au dada wa kazi. Ukisoma daftari la magari la mkoa wetu ungedhani vikongwe wote wa Modena ni madereva wa mashindano.

Calandra namba tano liliandikwa kwa jina la mama mkwe wa Cavaliere. Machi 1979 yule bibi akafariki.

Sasa sikilizeni ilivyokuwa kweli.

Siku ya tatu baada ya maziko, Cavaliere alikuja kusimama mbele ya cherehani yangu, ananung'unika.

"Yaani mama yule kachagua siku mbaya kabisa ya kufa. Sasa niandike jina la nani? La mbwa?"

"Andika langu," nikasema.

Hata mguu sikuuondoa kwenye cherehani.

Akacheka. "Lako? Learco atakuchinja wewe, atanichinja mimi, halafu atatuhutubia."

"Learco hasomi madaftari ya magari."

"Na wewe unapata nini hapo, Delma?"

"Sitaki kitu."

Na kweli sikutaka kitu, si fedha, si cheo, si likizo. Laiti ningetaka, mngenielewa upesi.

Viti vya gari lile nilivishona mimi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nikavishona kwa siku ishirini na mbili. Kiti cha dereva nilikifumua mara mbili kwa sababu mshono ulikuwa unakwenda kushoto kidogo, kosa ambalo hakuna kalio la tajiri lingeligundua. Mlango wa kulia aliuunda Learco kwa nyundo yake ya mbao, na ndivyo tulivyojuana. Kwenye gari lile jina la Rebucci limeandikwa mahali patatu. La Delma halikuwa popote. Nilitaka liwe mahali, basi.

Siku niliyotoka ofisi ya magari nikiwa na ile kadi mkononi, nilikuwa na furaha kuliko siku ya harusi yangu. Sentensi hii sijawahi kumwambia mtu mpaka leo.

Haya, sasa twende Novemba 1984. Cavaliere mwenyewe amekufa, na mjane wake yuko jikoni kwangu.

Bibi Ottavia Rebucci alikuwa hajawahi kukanyaga kwangu. Alinikuta nakunja tortellini, tambi za kujaza nyama, akatafuta kiti kisicho na unga, hakukipata, akakaa hivyo hivyo na koti lake jeusi.

"Pole sana kwa msiba, bibi," nikasema.

"Nimeshapoa. Delma, unajua kilichonileta."

"Najua."

"Kuna Mswisi wa Lugano, analitaka lile gari. Hati zinasainiwa Alhamisi kwa wakili Malavolti. Unasaini, tunamalizana, unarudi kwenye tortellini zako."

"Nitasaini. Ila Learco asijue."

"Mimi niongee na Learco? Huyo aliyeniita kupe mbele ya padri?"

Tukacheka wote wawili, na nilishangaa kuona meno yake. Alipoondoka nilijiambia kwamba limeisha. Miaka mitano nilikuwa mmiliki, Alhamisi nitaacha kuwa mmiliki, na Learco atazeeka bila kujua.

Baada ya saa moja simu ikalia. Alikuwa wakili Malavolti.

"Bibi Delma, umeolewa?"

"Tangu mwaka '64. Kwani unanitafutia mchumba?"

"Gari liliandikwa kwako '79. Kwa sheria mpya ya familia, kitu kinachonunuliwa ndani ya ndoa ni cha wote wawili, isipokuwa kama mliandikishana vinginevyo. Mliandikishana?"

"Tuandikishane nini? Tuna kitanda na kabati."

"Basi nusu ya gari ni ya mumeo. Bila saini yake haliuziki."

"Na nikiuza cherehani yangu, napo asaini?"

"Cherehani hapana. Gari ndiyo, kwa sababu lina daftari lake serikalini. Alhamisi saa nne, njooni wote wawili."

Nikarudisha simu mahali pake. Sheria ile Learco aliiandamania. Alibeba bango mjini kote akidai wanawake wapate haki sawa na waume zao. Bango lenyewe nilimshonea mimi.

Nilimwambia Jumanne, wakati wa chakula cha mchana. Nilikuwa nimejizoeza tangu asubuhi, nikiwa nafua, nikiwa natandika.

"Learco, kuna kitu."

"Chumvi imezidi. Nimeionja, nimenyamaza."

"Si chumvi. Cavaliere, Mungu amrehemu, aliwahi kuandikisha..."

"Calandra namba tano. Kwa jina lako." Akavunja mkate. "Najua."

Nilishika ukingo wa meza.

"Unajua tangu lini?"

"Tangu Februari ya '81."

Hapo lazima niwaeleze, maana Februari ile kwetu haisahauliki. Cavaliere aliwafukuza kazi watu kumi na mmoja kwa mkupuo. Learco ndiye aliyekuwa mwakilishi wa wafanyakazi, sauti yake ilikuwa inavunja vioo. Mgomo ulikuwa tayari. Ukumbi wa wafanyakazi ulijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Learco akasimama, akatazama kofia yake, akasema, "Ndugu zangu, tutafakari kwanza." Akakaa.

Mgomo ukafa pale pale. Wale kumi na mmoja wakaenda nyumbani na hawakurudi tena kazini.

Tangu siku ile wakamwita Bwana Tutafakari. Akiingia ukumbini kucheza karata, meza inakuwa imejaa ghafla. Athos Guidetti, rafiki yake tangu darasa la kwanza, alikuwa mmoja wa waliofukuzwa. Alimtemea mate viatuni mbele ya duka la mikate. Na mimi, mkewe, kwenye meza hii hii, nilimwambia, "Wamekununua kwa bei gani, Learco? Niambie, nijue kama walikupunja." Aliosha sahani yake, akatoka kwenda kupasua kuni.

Sasa alikuwa ananiangalia kwa upole, na upole ule ulinitisha kuliko kelele.

"Asubuhi ya mkutano aliniita ofisini," akasema. "Akanionyesha karatasi yenye jina lako. Akaniambia, 'Ukiwasha moto wako leo, karatasi hii inakwenda kwa watu wa kodi, na wa kwanza kuhojiwa ni mkeo. Mimi nina mawakili wanne. Yeye ana nani?'"

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Kwamba najua alikubana? Mama yako alikuwa kitandani, dawa zilitoka kwenye mshahara wako. Ungemkataliaje bosi? Nilisema moyoni, atanieleza mwenyewe siku akiweza. Leo umeweza." Akanishika mkono. "Huna kosa, Delma. Mtu halaumiwi kwa kulazimishwa."

Jamani. Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Maneno yalikuwa matatu tu: niliomba mwenyewe, Learco.

Nikasema, "Nikuongezee supu?"

"Niongezee."

Akala, na alikuwa anatabasamu. Karibu miaka minne sikuwa nimeona tabasamu lile. Nilimtazama akifuta sahani kwa mkate, nikajiona mwizi.

"Alhamisi nitasaini," akasema. "Lakini Athos atakuja na sisi. Nimeshapanga nimtafute leo."

"Athos wa nini?"

"Mzee amekufa, hawezi tena kukudhuru. Nataka watu wajue kwa nini nilinyamaza. Si kwa ajili yangu." Akavaa kofia, akasita. "Hapana, ni kwa ajili yangu. Nimechoka kucheza karata peke yangu."

Alhamisi ikafika. Ofisi ya wakili Malavolti iko ghorofa ya pili juu ya duka la vitambaa, na ngazi zake ni ndefu. Bibi Ottavia alikuwa ameshaketi. Mswisi alikuwa chini barabarani, akilizunguka gari lake mtarajiwa na kulipapasa paa.

Athos aliingia nyuma yetu, mrefu, mikono imepasuka kwa kupakia matunda kwenye malori, kazi aliyoipata baada ya kufukuzwa. Hakumsalimia Learco. Mimi aliniinamishia kichwa, akasimama ukutani na kofia kichwani.

Wakili akaanza kusoma historia ya gari kutoka kwenye daftari, mmiliki mmoja mmoja, kama inavyotakiwa.

"Wa kwanza, 1962, daktari wa meno, mkazi wa Parma."

Namkumbuka. Alirudisha kiti cha dereva kimeungua kwa sigara, akasema kilikuja hivyo.

"Wa pili, 1966, mfanyabiashara wa vitambaa, mkazi wa Prato. Wa tatu, 1971, Bibi Argentina Setti, mjane, umri miaka sabini na nane."

"Huyo alikuwa haoni," Athos akasema kutoka ukutani. "Alilisalimia sanduku la barua miaka mitatu."

"Mama yangu alikuwa na macho mazuri sana," Bibi Ottavia akamjibu bila kugeuka.

"Wa nne," wakili akaendelea, "1979 mpaka leo. Incerti Delma, mshonaji."

Niwaambie ukweli wote nikiwa nimeshaanza. Hata pale, na hofu yangu yote, nilipolisikia jina langu likisomwa baada ya daktari na mfanyabiashara, kifua kilinijaa.

Wakili akamsogezea Learco hati. Learco hakuigusa.

"Nitasaini. Lakini kwanza iandikwe jina la mke wangu lilifikaje humo."

"Hati ya mauzo si gazeti, bwana Vezzani."

"Basi andika karatasi nyingine, tamko. Kwamba bosi alimlazimisha mke wangu, na kwamba kwa karatasi hiyo hiyo alinifunga mdomo mimi mwaka '81. Mistari miwili. Athos ataisoma ukumbini."

Athos alitoka ukutani. "Unasema nini?"

"Nasema ndiyo sababu."

"Siku ya mkutano?"

"Siku ya mkutano."

Athos akavua kofia. Akachukua jagi la wakili, akamimina maji kwenye glasi, akamwekea mbele. "Kunywa," akasema. "Mjinga wewe. Si ungesema."

Learco akanywa nusu.

Mara Bibi Ottavia akapiga meza.

"Hapana! Mume wangu alikuwa na dhambi, nami nazijua zote kwa majina na anuani zao. Kumtisha Learco, sawa, nakubali, angeweza. Lakini kumlazimisha Delma, hapana. Siku ile alirudi nyumbani anacheka. Aliniambia, 'Delma kajitolea mwenyewe.'"

"Marehemu wanajitetea vizuri kweli," Athos akasema.

"Nyamaza wewe, mpakia matunda!"

Wakili akainua mkono. "Anayejua ni mmoja tu. Bibi Delma, ukitamka, naandika. Ukisaini, umeapa. Ulilazimishwa?"

Wote wakanigeukia.

Fikirieni nilipokuwa. Mwanamke pekee aliyesema kweli chumbani mle alikuwa yule asiyependwa na mtu. Upande mwingine alikaa mume wangu, ambaye kwa neno langu moja angerudishiwa rafiki, ukumbi, karata na jina lake. Na mtu ambaye angebeba uongo alikuwa kaburini, hadhuriki tena.

"Ndiyo," nikasema. "Alinilazimisha."

Bibi Ottavia akafumba macho. Learco akaweka mkono wake juu ya wangu, pale pale juu ya meza, yeye ambaye hajawahi kunishika mkono mbele za watu.

Wakili akaandika haraka haraka, kisha akasoma kwa sauti ile ile aliyosomea wamiliki.

"'Mimi, Incerti Delma, natamka kwamba jina langu liliwekwa kwenye kadi ya gari hili kwa shinikizo la mwajiri wangu. Sikuwahi kulitaka gari hilo, wala halikuwa na maana yoyote kwangu.' Saini hapa chini."

Nikachukua kalamu. Nikaiweka kwenye karatasi. Mkono haukwenda.

"Hapo pafute," nikasema.

"Wapi?"

"Hapo pa sikuwahi kulitaka. Na hapo pa maana."

"Ni maneno ya kawaida, bibi. Yanatiwa nguvu tamko."

"Yafute. Mengine nitasaini."

Learco akanigeukia, bado ametabasamu kidogo. "Kwa nini yafutwe, Delma? Si kweli?"

Kumsingizia marehemu niliweza. Kumdanganya mume wangu niliweza, nimeshawaonyesha. Lakini kuweka jina langu, kwa mkono wangu, chini ya sentensi inayosema viti vile havikuwa kitu kwangu, hilo lilinishinda. Nilijaribu tena kusukuma kalamu. Ilikwama, na machozi yakaanza kunitoka, safari hii ya kweli.

"Si kweli," nikasema. "Nililitaka. Hakunilazimisha mtu, Learco. Nilimwambia mwenyewe, andika langu. Nilitaka jina langu liwe mahali."

Nilidhani Bibi Ottavia angeshangilia, lakini alikuwa anatazama mapaja yake. Alikuwa ameshinda, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyefiwa mara ya pili.

Mkono wa Learco ulikuwa bado juu ya wangu. Hakuubana wala hakuuondoa. Nadhani alikuwa ameusahau pale.

"Mwenyewe," akasema.

"Mwenyewe."

"Na Jumanne, mezani?"

"Nilitaka kukuambia."

"Ukaniuliza kuhusu supu."

Ndipo akauondoa mkono, taratibu, akauweka kwenye goti lake. Akaitazama ile glasi ya maji, akairudisha upande wa Athos, ingali na nusu yake. Akasimama. Hakuniangalia mimi, alimwangalia rafiki yake.

"Umesikia, Athos. Nenda ukumbini, kawaambie wote kumi na mmoja. Waambie niliwauza, na niliwauza bure."

"Learco..."

"Bure kabisa. Waambie hivyo."

Akachukua kofia, akatoka. Mlango hakuubamiza. Ningeshukuru kama angeubamiza.

Mezani zilibaki karatasi mbili, hati ya mauzo isiyo na saini yake na tamko lisilo na saini yangu. Athos alikuwa ameshika glasi kwa mikono yote miwili. Chini barabarani Mswisi alifungua mlango wa kulia wa gari, akaufunga, akaufungua tena.

Nilisikia viatu vya Learco vikishuka zile ngazi, kimoja baada ya kingine, bila haraka. Katikati vikasimama.

"Bibi Delma," wakili akasema, akanisogezea kalamu. "Niandike nini?"